Kadi ya Duka la Jumla: Hesabu Yenu Inasemaje?

SHANGAZI WA BAJETI ANAJIBU

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi mji mdogo katika jimbo la Ohio, Marekani. Mkubwa ana miaka 9, wa kati 6, na kitinda mimba ana miezi 14, bado yuko kwenye nepi. Mume wangu anaendesha gari la kusambaza mizigo, mimi nasafisha vyumba hotelini. Chakula, sabuni na vitu vya nyumbani vinatumia kama dola 220 kwa wiki. Mshahara wa mume wangu unaingia Ijumaa, na kila Alhamisi inatukuta mfuko mtupu.

Mwenzangu kazini ananiambia tunajitesa bure, tujiunge na Costco, lile duka la jumla la wanachama wanaolipa ada kila mwaka, tutapumua. Duka lenyewe liko maili 18 kutoka kwetu. Mume wangu anapajua, maana bohari anakochukulia gari la kazi iko maili 2 tu kutoka pale, lakini shughuli za dukani huwa nafanya mimi. Yeye amekubali haraka na anataka tuchukue ile kadi ya dola 130 kwa sababu inarudisha asilimia 2 ya manunuzi. Mimi roho inasita. Nyumba yetu ni ya vyumba 2, na friza ni kile kisanduku kilicho juu ya friji, basi. Nilifuata ushauri uliompa msomaji mmoja toleo lililopita: nikaingia na mwenzangu kama mgeni wake, nikaandika bei bila kununua kitu. Karatasi nimeiambatanisha. Tujiunge au tuache?

Mama wa Watatu, Ohio

Marahaba mwanangu. Karatasi yako nimeikalia jioni 2 nzima, kikokotoo mkononi. Kabla sijasema lolote, nakushukuru kwa kwenda dukani na kalamu. Wengi wananiuliza kama kadi ni nzuri au mbaya, nami huwa sina cha kuwajibu kwa sababu sijui wanakula nini. Wewe umeniletea bei ya kitu kimoja kimoja, kile mnacholipa sasa na kile ulichokiona kule, pamoja na kiasi mnachomaliza kwa mwezi. Kwa hiyo leo naweza kujibu.

Kwanza uelewe maduka haya yanapata wapi riziki yake. Duka la kawaida linaongeza faida yake juu ya kila kitu unachobeba. Haya ya wanachama yanaongeza kidogo. Costco imejiwekea kikomo cha asilimia 14 hivi juu ya bei inayonunulia, na 15 kwa bidhaa za chapa yake yenyewe, Kirkland Signature. Kinachoishibisha ni ada ya mlangoni, yaani ile ya uanachama. Katika mwaka wake wa fedha wa 2024, ada peke yake iliingiza karibu dola bilioni 4.8, zaidi ya nusu ya faida yake yote ya uendeshaji. Kwa hiyo bei ndogo ulizoziona ni za kweli, mwenzako hakukudanganya. Ila umeshazilipia kabla hujaingia, na pesa hiyo imekwenda hata kama mwaka mzima hutatia mguu pale.

Jambo jingine ni ukubwa wa vifurushi. Mwaka 1976 mfanyabiashara Sol Price alifungua duka la wanachama la Price Club mjini San Diego, ndani ya banda lililokuwa la ndege, na wateja aliowalenga walikuwa wenye biashara ndogo ndogo, watu wanaonunua ili wakauze au wakahudumie wateja wao. Familia zilifuata baadaye. Maduka mengine ya wanachama yakaja: Costco na Sam's Club zilianza 1983, BJ's 1984, zote kwa mtindo uleule. Ukisimama mbele ya ndoo ya mayonezi ukashangaa nani anaimaliza, ujue kipimo kile kilitokana na mahitaji ya mwenye mgahawa. Nyumba ya watu 5 haina deni la kukifikia.

Sasa karatasi yako. Umeandika vitu 23. Nimevichuja nikabaki na 5, na nitakwambia kwa nini. Kigezo changu kilikuwa kimoja: je, nyumba hii inakimaliza kitu hiki bila kubadili namna inavyokitumia, na je, hakiozi? Nepi zinaingia. Mnalipa senti 31 kwa moja, kule ni senti 24. Mtoto anatumia 6 kwa siku, kwa hiyo tofauti ni senti 42 kila siku, dola 12.60 kwa mwezi wa siku 30, na kwa miezi 12 ni dola 151.20. Mchele unaingia. Mnakula pauni 20 kwa mwezi na tofauti ni senti 30 kwa pauni, yaani dola 6 kwa mwezi, dola 72 kwa mwaka. Sabuni ya kufulia inawapunguzia dola 36 kwa mwaka, karatasi za chooni 30, mafuta ya kupikia 18. Jumla ni dola 307.20.

Toa ada ya kadi ya kawaida, dola 65. Zinabaki 242.20.

Ungeishia hapo ungeshangilia. Lakini duka liko maili 18, kwenda na kurudi ni 36. Gari lenu, umesema, linakwenda maili 24 kwa galoni, kwa hiyo kila safari inakula galoni moja na nusu. Ukienda mara 2 kwa mwezi ni safari 24 kwa mwaka, galoni 36. Kwa bei uliyoandika ya dola 3.20 kwa galoni, petroli ya kuifuata hiyo nafuu ni dola 115.20. Karibu mara 2 ya ada yenyewe! Watu wanaiogopa ile ada ya mlangoni kwa sababu wanaiona ikitoka mara moja, na hii ya barabarani inatoka kidogo kidogo bila kelele. Sasa akiba yenu imekuwa dola 127 kwa mwaka.

Halafu mtoto anakua. Ana miezi 14 leo. Siku nepi zitakapokwisha, dola 151.20 zinatoka kwenye hesabu, na mnabaki na hasara ya dola 24.20 kila mwaka. Kadi ileile, duka lilelile, familia ileile, na hakuna aliyekosea. Ndiyo maana nakasirika ninaposikia mtu akimwambia mwenzake "jiunge tu, mimi inanisaidia." Inamsaidia yeye, na mtoto wake mwenye umri wake, na nyumba yake ilipo.

Ila umeniandikia sentensi moja iliyobadilisha jibu langu lote, nayo nadhani uliiandika kwa kupita tu: bohari ya mume wako iko maili 2 kutoka dukani. Anafika pale kila siku ya kazi kwa gari lenu. Akiingia dukani yeye, safari ya ziada ni maili 4, si 36. Mara 24 kwa mwaka ni maili 96, galoni 4, dola 12.80. Hesabu inageuka: pamoja na nepi mnabakiwa na dola 229.40, na hata baada ya nepi kwisha mnabakiwa na dola 78.20. Umeandika pia kwamba pale dukani pana kituo cha mafuta, na kibao chake siku ile kilikuwa chini kwa senti 20 kwa galoni kuliko kituo chenu. Gari lenu linakunywa galoni 10 kwa wiki. Tofauti hiyo ikidumu, ni dola 2 kwa wiki, 104 kwa mwaka, na hapo petroli peke yake imelipa kadi. Lakini bei za petroli zinapanda na kushuka, kwa hiyo sikuziweka kwenye hesabu kuu. Zichukue kama nyongeza, na mume wako aangalie kibao kila anapopita.

Jibu langu basi ni ndiyo, jiungeni, kwa sharti kwamba anayekwenda dukani ni baba watoto. Kama hataki, au kama atahamishiwa bohari nyingine, jibu ni hapana. Najua umeniambia shughuli za dukani ni zako. Kaa naye mzungumze. Mpe orodha ya vitu 5 iliyoandikwa mpaka uzito na chapa. Akiwa na njaa akale kwanza pale pale pa kuuzia chakula. Soseji ndani ya mkate pamoja na kinywaji ni dola 1.50, bei ambayo haijabadilika tangu 1985. Ashibe ndipo ashike toroli. Mtu mwenye njaa akiingia katikati ya rafu zile, orodha anaisahau mfukoni.

Kuhusu kadi ya dola 130: hapana. Tangu Septemba 2024 kadi ya kawaida ni dola 65 na ile kubwa ni 130, kwa hiyo mnaongeza dola 65 ili kurudishiwa asilimia 2. Ili asilimia 2 ifike dola 65 lazima mnunue vitu vya dola 3,250 kwa mwaka, na petroli haihesabiwi humo. Vitu vyenu 5 nimevikadiria kufika dola 150 kwa mwezi, 1,800 kwa mwaka, na asilimia 2 yake ni dola 36. Mtatoa 65 kupata 36. Kadi ya kawaida inakuja na ya pili bila malipo kwa mtu mzima mwingine wa anwani hiyohiyo, kwa hiyo wote wawili mtakuwa na kadi. Na mkifika keshia mkumbuke kwamba Costco ya Marekani kwa kadi za mkopo inapokea Visa peke yake. Kadi za benki za kutoa pesa moja kwa moja zinakubaliwa, na taslimu pia.

Sasa niseme lile linaloniuma kuliko yote, kwa sababu hesabu ya mwaka inaweza kuwa nzuri na wiki yenu ikawa mbaya zaidi. Umeandika kwamba Alhamisi inawakuta mfuko mtupu. Niliposoma hapo niliiweka karatasi mezani kwanza.

Mwaka wangu wa kwanza Minnesota nilikuwa nafua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee, nalipwa kila baada ya wiki 2, na nyumbani tulikuwa watu 6. Nilijiunga na duka moja la wanachama siku ya mshahara. Orodha yangu ilikuwa ya dola 140. Nilitoka na risiti ya dola 312. Sikununua upuuzi hata kimoja, ninaapa. Sabuni ya miezi 5, mchele, mafuta, karatasi, betri, dawa za meno 8, na gunia la spinachi la pauni 3 kwa sababu bei yake kwa pauni ilinivutia. Kila kitu kilikuwa rahisi kuliko mtaani kwetu. Nilirudi nikavipanga nikajiona nimeikomboa nyumba. Siku ya 9 bili ya umeme ikafika tarehe yake, na pesa yangu ilikuwa imekaa juu ya kabati katika umbo la sabuni. Nililipa nikiwa nimechelewa, na faini iliondoa akiba yote ya siku ile. Spinachi nilitupa zaidi ya nusu. Nilikuwa nimesimama jikoni usiku, nyumba imejaa vitu, na sina dola 10 za nauli ya wiki.

Risiti ile ninayo hadi leo, nimeibandika kwenye jalada la daftari langu. Ilinifundisha kutofautisha kuokoa pesa na kuwa na pesa. Ukinunua sabuni ya miezi 5 umeikopesha kabati pesa yako, na kabati haiwezi kukurudishia siku kodi ya nyumba inapodaiwa. Mwenye akiba benki hilo halimsumbui. Anayeishi Ijumaa hadi Ijumaa anaweza kuangushwa na bei nzuri.

Kwa hiyo msinunue vitu vyote 5 siku moja. Fungueni bahasha, wekeni dola 35 kila Ijumaa kabla hamjagusa kitu kingine, na toeni kiasi hichohicho kwenye matumizi yenu ya kawaida ya 220, kwa sababu vitu vyenyewe mlikuwa mnavinunua tayari. Baada ya wiki 2 mna dola 70. Safari ya kwanza nepi na mchele, ya pili sabuni, karatasi na mafuta. Kikipungua kwenye bahasha, kitu kimoja kisubiri safari inayofuata. Bahasha isikope kutoka kwenye kodi hata siku moja. Na ada yenyewe ya dola 65 muiweke kwanza, taratibu, hata ikichukua mwezi. Duka halikimbii.

Mama, umeniuliza pia pembeni kwa nini nimeondoa yale maboksi ya juisi na vitafunio vya watoto, na bei yake ni nusu. Nimeyaondoa kwa makusudi. Nilikwisha kupima nyumbani kwangu. Boksi la juisi 10 lilikuwa linadumu wiki moja. Nikaleta la 40, nikitegemea wiki 4. Lilidumu siku 12. Watoto hawakuwa walafi. Walipoona zimepangwa ukutani waliacha kuulizana nani amekunywa ngapi, na mimi mwenyewe niliacha kuhesabu. Vilevile dawa ya meno, tishu, sabuni ya vyombo: kikiwa kingi, mkono unalegea. Mchele hauna tatizo hilo, maana hakuna anayekula mchele zaidi kwa sababu gunia ni kubwa. Nepi pia. Kwa hiyo kabla ya kuongeza kitu chochote kwenye orodha, andika kwenye kalenda tarehe ulipokifungua na tarehe kilipokwisha, mara ya kawaida na mara ya kifurushi kikubwa. Kalenda itakwambia ukweli ambao bei haikwambii.

Nyama na kuku nimeviondoa kwa sababu ya hicho kisanduku cha juu ya friji. Kuku mbichi kwenye friji ni wa siku 1 au 2, nyama ya kusaga vilevile. Kwenye friza ya nyuzi 0 za Fahrenheit havitaharibika, ila ubora unashuka: vipande vya kuku miezi 9 hivi, nyama ya kusaga miezi 3 hadi 4. Tatizo lenu ni nafasi. Kifurushi cha pauni 10 kikiingia humo hakuna kingine kitakachoingia, na mkianza kuwaza kununua friza ya pili ili kadi iwafae, hapo kadi imeanza kuwatuma nyie. Subirini.

Maziwa, mayai na matunda muendelee kununua karibu na nyumbani. Kwenye karatasi yako tofauti ya mayai ni senti chache, na maduka kama Aldi, ambayo hayadai ada yoyote, yanauza vifurushi vya ukubwa wa nyumba kwa bei inayokaribia sana hizi. Usipuuze hayo. Familia nyingi ndogo zinapata karibu nafuu yote pale bila kadi.

Neno la mwisho kwako ni kuhusu namna ya kulinganisha, maana pale kwenye sabuni ulikosea kidogo nikakurekebishia. Ulilinganisha chupa kwa chupa. Sabuni ya kufulia ilinganishwe kwa idadi ya mafuo iliyoandikwa kwenye lebo, kwa sababu nyingine ni nzito na nyingine zimezimuliwa. Karatasi za chooni zilinganishwe kwa idadi ya vipande, kwani roli moja inaweza kuwa na vipande mara 2 ya nyingine. Mchele kwa pauni, na pauni moja ni aunsi 16. Mafuta kwa aunsi za ujazo, 128 kwa galoni, na hizo usizichanganye na aunsi za uzito. Niandikie siku kitinda mimba atakapoacha nepi, tufanye hesabu upya.

Shangazi, mimi na dada yangu tunaishi mitaa tofauti, yeye na watoto wake, mimi na wangu. Tunataka kulipia kadi moja, niandikishe anwani yake ili nipate ile kadi ya pili ya bure. Kuna ubaya?

Wawili wa Georgia

Upo, mwanangu, na ni ubaya wa kuandika uongo kwenye fomu kwa ajili ya dola 65 mnazoweza kuzigawana kihalali. Kadi ya pili ni ya mtu wa nyumba hiyohiyo. Tena mwaka 2024 Costco ilianza kuweka mashine za kusoma kadi mlangoni, na kadi ina picha, kwa hiyo hata kuazimana hakuendi tena kama zamani.

Lakini mwanachama anaruhusiwa kuingia na wageni hadi 2. Dada yako awe ndiye mwanachama, muende pamoja mara 1 kwa mwezi, alipe yeye, mgawane nyumbani. Huu ndio utaratibu ninaoupenda kuliko mwingine wowote kwa familia ndogo, kwa sababu unaondoa lile tatizo la vifurushi vikubwa. Gunia moja la mchele kwa nyumba 2 linakwisha mapema, chupa kubwa ya mafuta haikai hadi ikachacha. Nimeona wanafamilia 3 wakifanya hivi kwa miaka.

Nimeona pia wakigombana. Ugomvi haukutokana na mchele, ulitokana na dola 18 zilizosubiri mshahara ujao, kisha ujao. Gawaneni na risiti ikiwa mezani, siku hiyohiyo, kabla mgeni hajabeba fungu lake. Asiye na pesa siku ile asiende siku ile. Na ada nayo muigawe nusu kwa nusu mwanzoni mwa mwaka, msiseme mtaitazama baadaye.

Shangazi, mimi ni mzee wa miaka 71, naishi peke yangu Texas tangu mke wangu atangulie mbele ya haki. Kijana mmoja mlangoni aliniandikisha uanachama kwa maneno matamu. Miezi 4 imepita, nimekwenda mara 1, mkate uliota ukungu. Naona aibu kwenda kudai pesa yangu. Pia ninanunua dawa za presha, naambiwa pale ni nafuu.

Mzee wa Texas

Shikamoo Mzee wangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Kupika chungu cha mtu mmoja baada ya miaka mingi ya kupika cha wawili si jambo dogo, na si kosa lako kwamba mkate ule ulikuwa mkubwa.

Hukuniambia ni duka gani. Costco na Sam's Club zote zinaahidi kurudisha ada kwa mwanachama asiyeridhika. Costco inarudisha yote hata kama miezi imepita. Nenda kwenye kaunta ya huduma kwa wateja, si kwa keshia, ukiwa na kadi na kitambulisho. Sema maneno haya tu: "Uanachama haunifai, naomba mnirudishie ada." Hudaiwi maelezo. Kama umechagua kujilipisha kila mwaka kwa kadi ya benki, waambie hapohapo waondoe, na subiri karatasi ya kuthibitisha kabla hujaondoka. Aibu usiibebe, hiyo ni haki waliyokupa wenyewe kwa maandishi.

Dawa za presha ni habari nyingine kabisa. Duka la dawa la Costco linahudumia hata asiye mwanachama kwa dawa alizoandikiwa na daktari. Mlangoni sema unakwenda kwa mfamasia, watakupitisha. Kabla ya hapo wapigie simu, wasomee jina la dawa na kipimo kama vilivyo kwenye chupa yako, uwaulize bei ya vidonge vya siku 90, ya bima na ya bila bima, maana wakati mwingine ya bila bima inakuwa chini. Kisha mpigie unayenunua kwake sasa umuulize vilevile. Andika bei zote kwenye karatasi moja kwa herufi kubwa, na usiache dawa hata siku 1 ukisubiri kubadilisha duka.